Midomo sokoni, sauti kabatini
Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye filamu ya katuni mshindo huo humzindua mtazamaji akakumbuka kwamba anatazama michoro tu. Ukipiga filamu ya kawaida mtaani, maikrofoni hubeba maneno pamoja na upepo, jogoo wa jirani na bodaboda inayopita. Katuni haina bahati hiyo: mwigizaji husoma maneno yake ndani ya chumba kilichozibwa, kisha mhusika anachorwa akiwa sokoni. Sikio hugoma papo hapo: midomo iko sokoni, sauti iko kabatini. Mwongozaji Wes Anderson alilikwepa hilo katika filamu yake ya uhuishaji, Fantastic Mr. Fox ya 2009. Aliwatoa mwigizaji George Clooney na wenzake studioni, akawarekodi kwenye shamba huko Connecticut, msituni, darini na hata zizini. Asiye na shamba aende mahali panapofanana na mandhari yake, arekodi dakika mbili bila mtu kusema, kisha alaze sauti hiyo chini ya mazungumzo, iendelee hata wahusika wanaponyamaza. Iwe kama chumvi kwenye mchuzi: ikizidi, maneno hayaliki, ikikosekana, kila mtu anajua. Mwangwi nao ulingane na mahali, maana ukumbi wa vigae hauitiki kama kibanda cha makuti. Ndugu zangu wachoraji, mnamaliza wiki nzima mkitia kivuli majani ya mwembe. Tengeni basi asubuhi moja tu kuwarekodi ndege walio juu yake.