Kenya: Sheria ipo, jina la askari halionekani

Tarehe 17 Juni 2025, katikati ya jiji la Nairobi, askari wa polisi alimfyatulia risasi kwa karibu mchuuzi wa barakoa ambaye hakuwa na silaha yoyote. Tukio hilo lilinaswa na kamera mchana kweupe. Mchuuzi huyo alifariki dunia hospitalini siku 13 baadaye. Askari alikamatwa upesi, kisha akashtakiwa kwa mauaji.

Kwa kawaida mambo hayaendi hivyo nchini Kenya. Mwaka 2017, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa na polisi nyumbani kwao Kisumu, akafa. Uchunguzi wa mahakama ulikamilika mwaka 2019 na kuona kuwa polisi walibeba lawama ya kifo hicho, lakini maafisa hawakuidhinishiwa mashtaka hadi mwaka 2022. Tofauti kati ya visa hivyo viwili haimo katika sheria. Katika kisa cha Nairobi, aliyeshika bunduki alijulikana tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wa sasa. Katika maandamano ya mwaka 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa. Rais William Ruto aliukataa mswada siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni tarehe 25 Juni, na mwezi uliofuata Inspekta Jenerali Japhet Koome akajiuzulu. Mkuu akiondoka, swali la nani alifyatua risasi hubaki palepale.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake mahali panapoonekana. Agosti 2024 Mahakama Kuu iliagiza polisi wasifiche utambulisho wao mbele ya waandamanaji. Hata hivyo, tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, Tume hiyohiyo iliripoti kuona maafisa waliofunika nyuso, wasio na sare, wakisafiri kwa magari yasiyo na alama.

Serikali nayo ina hoja yake: wiki mbili kabla ya hapo, vituo kadhaa vya polisi vilishambuliwa, na askari nao walijeruhiwa. Lakini kituo kulindwa ni jambo moja, na mlinzi kuficha uso ni jingine. Na siku mbili baada ya Saba Saba, Rais Ruto aliposema hadharani kwamba wanaoharibu mali wapigwe risasi mguuni, kazi ya wachunguzi haikupata wepesi.

Kazi hiyo ni ya Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ina uwezo wa kuchunguza na kupendekeza mashtaka. Ila daftari la silaha na orodha ya waliokuwa zamu vimo mikononi mwa polisi wenyewe.

Agosti 2025 Rais aliteua jopo la kushughulikia fidia kwa waathiriwa wa maandamano, na mahakama ikasimamisha kazi yake kwa muda. Fidia ya aina hiyo hutoka katika hazina ya umma, na inaweza kulipwa yote bila askari hata mmoja kutajwa.