Kofia ya Kupima Ubongo wa Mtoto Asiyetulia

Ye yote aliyewahi kumshika mtoto wa miaka miwili wakati wa kupigwa eksirei anaijua kazi hiyo. Mama anabembeleza, muuguzi anashika miguu, na picha bado inatoka na ukungu. Nimeifanya kwa miaka mingi, na ndiyo maana habari ya kofia hii imenigusa.

Ubongo ukifanya kazi hutoa umeme kidogo, na umeme huo huleta nguvu ya sumaku. Ni nguvu hafifu mno: sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, inaizidi zaidi ya mara milioni mia moja. Mwaka 1972 David Cohen wa Marekani aliipima kwa chombo kiitwacho skwidi, ambacho hufanya kazi kikiwa katika heliamu ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa hiyo mashine zilizofuata zilikuwa kubwa, zisizohama, na kofia yao ngumu ilitengenezwa kwa kichwa cha mtu mzima. Mgonjwa akisogea, kipimo kimeharibika. Mtoto mwenye kifafa, ambaye madaktari wanatafuta ugonjwa unaanzia sehemu gani ya ubongo, ndiye aliyekuwa mgumu kupimwa.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, pamoja na wenzao wa London, walionyesha njia nyingine. Walitumia kichupa chenye mvuke wa madini ya rubidi uliopashwa moto, na mwanga wa leza ukipita ndani yake. Pasipo sumaku mwanga hupita vizuri. Nguvu ya ubongo ikifika, mvuke humeza mwanga kidogo, na upungufu huo ndio unaosomwa. Chombo chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti. Hupangwa vingi katika kofia ya kuvaa, na moto umezingirwa usiunguze ngozi. Mwaka 2019 walimpima mtoto wa miaka miwili kwa kofia ya mpanda baiskeli iliyorekebishwa, huku akiguswa na mama yake. Mtoto akigeuza kichwa, kofia inageuka naye. Hilo kwangu ni kubwa kuliko habari zote za leza.

Lakini tusidanganyane. Kofia inabebeka, chumba chake hakibebeki. Kipimo hufanyika ndani ya kuta za nikeli na chuma zinazozuia sumaku ya nje, na uzito wake ni wa tani. Bila kuta hizo, hata gari likipita barabarani linavuruga kila kitu. Wanaoiita mashine ya kubebeka wanafanya haraka. Kwa maoni yangu, fedha za utafiti sasa zielekezwe kwenye chumba hicho, la sivyo kofia itabaki katika hospitali chache za miji mikubwa.

Tena si kila mwenye kifafa anaihitaji. Ni hasa yule ambaye dawa zimemshinda na anafikiriwa kupasuliwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Kwa hao, daktari anamtegemea sana aliyeshuhudia: mkono upi ulianza kutetemeka, macho yaligeukia wapi, ilichukua dakika ngapi. Yaandikeni hayo siku ileile, mje na karatasi kliniki.