Sura si kipimo cha Lupita

UKINGONI MWA RUVUMA
Na Somoe Chilumba

Wiki iliyopita nilipanda Costa ya asubuhi kutoka Newala kwenda Masasi. Hatujamaliza kuuteremka uwanda, ubishi ukawa umeshawaka siti za nyuma. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama filamu kwenye simu alisema Lupita kapotea. "Toka apewe Oscar mnamwona wapi? Mara sauti, mara kikaragosi cha kompyuta. Sura yenyewe haionekani." Binti aliyekaa jirani yake akamwambia hajui anachokisema. Konda akawa upande wa kijana, mama mwenye kapu la mihogo akawa upande wa binti. Mpaka wanakumbuka kuniuliza, "Na wewe mama mwalimu, unasemaje?" gari lilikuwa limeshaingia stendi. Jibu langu nalitoa leo, maana nilishuka nalo rohoni.

Tuanze na safari yenyewe. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983, akakulia Kenya. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jukwaani Nairobi. Baadaye filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa kwenye kikosi cha wasaidizi wa kutumwa huku na kule. Nyota wa kike wa filamu ile alikuwa Mwingereza, Rachel Weisz. Machi 2006 Weisz akatwaa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Machi 2014 msichana aliyekuwa akitumwa akaitwaa tuzo hiyohiyo, kwa kazi yake katika 12 Years a Slave.

Baada ya hapo njia zao hazikufanana. Weisz aliletewa kila aina ya mwanadamu. Katika Agora ni mwanafalsafa wa Alexandria anayechunguza nyota. Katika The Whistleblower ni askari polisi anayefichua biashara ya kuuza wasichana. Katika The Favourite ni mwanamke anayemwongoza malkia kwa ncha ya ulimi. Na Lupita je? Mwaka 2025 alieleza hadharani kwamba baada ya Oscar alizidi kuletewa nafasi za watumwa. Akasema yuko tayari kupunguza kazi moja kwa mwaka kuliko kuendeleza picha ileile ambayo dunia imezoea kumchorea Mwafrika.

Yule kijana wa kwenye Costa hakulipigia hesabu hilo. Mwigizaji huonekana kwa kazi alizokubali, lakini alizozikataa hazina bango wala tangazo. Kwa mwanamke mweusi aliyefika Hollywood kwa kuigiza mtumwa anayechapwa mijeledi, kukataa mtumwa wa pili na wa tatu ni kazi nzito kama kuigiza.

Sasa nije kwenye shutuma ya kuficha sura. Ni kweli, mwaka 2015 katika Star Wars aliigiza Maz Kanata, kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka elfu, na kompyuta ikamvisha umbo jingine. Mwaka 2016 alikuwa sauti ya mbwamwitu Raksha katika The Jungle Book, na mwaka 2024 sauti ya roboti katika The Wild Robot. Lakini watu wa uwanda huu, kati ya watu wote duniani, tunaweza kweli kudai kwamba anayefunika uso kakimbia kazi?

Nimekua nikitazama ngoma ya mapiko. Mchezaji anatoka amefunikwa kuanzia utosini, kichwa chake ni kinyago, na sisi wanawake hatukupaswa kujua ni nani yumo ndani. Tulichopewa ni miguu, mabega na jinsi anavyojibizana na ngoma. Wazee walimjua fundi kwa hatua zake tatu za kwanza. Wala sijasikia mtu Newala akilalamika kwamba mchezaji wa mapiko hana kipaji kwa sababu sura haikuonekana. Kinyago kinamwongezea mchezaji deni: uso haumsaidii kutuhadaa, basi mwili mzima useme. Sauti nayo ni hivyo. Roboti yule hana uso wa kununa wala kulia, lakini watoto wanaomsikiliza wanajua lini ameanza kupenda.

Na anayetaka sura, zipo. Katika Queen of Katwe, iliyopigwa Kampala na Johannesburg, Lupita ni Nakku Harriet, mama mjane anayeuza mahindi na kulea watoto, mmoja wao akiwa bingwa wa sataranji Phiona Mutesi. Tazameni anavyosimama, kanga kiunoni, akipima kama mgeni anayemtaka mwanawe ni mkombozi au mwizi. Mama huyo mnamjua, yuko sokoni Newala kila Jumamosi. Kisha mtazameni katika Us ya mwaka 2019, akiwa wanawake wawili wenye sura moja na roho mbili. Filamu ile nimeirudia, na kila mara nawaogopa wote wawili kwa sababu tofauti. Waliomnyima hata kuteuliwa kuwania Oscar mwaka ule walikosea.

Simtetei kwa kila jambo. Mradi wa kuigiza Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, aliushika kwa miaka, na mwaka 2020 akautoa mkononi kwa sababu ratiba ziligongana. Mradi ukafa. Hadithi ya mwanamke wa Kiafrika anayechagua pa kuishi na namna ya kusuka nywele zake ilistahili kupewa nafasi mbele ya kazi nyingine. Hilo bado linaniuma.

Lakini kuna picha nyingine inayoniuma zaidi, nayo ni ya hapa kwetu. Mwaka 1906, vumbi la Majimaji halijatulia, Mjerumani Karl Weule kutoka jumba la makumbusho la Leipzig alifika Masasi kisha akapanda Newala. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi, machafuko yakamgeuzia kusini. Mizigoni alikuwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, wakati ambapo sinema yenyewe ilikuwa na miaka kumi na kidogo tangu izaliwe. Akanasa ngoma zetu. Wanawake wetu, pambo la ndonya mdomoni, akawapiga picha na kwenda nazo Ulaya. Sura zao zilionekana wazi kabisa. Uamuzi wa waonekane vipi, na nani, na kwa maelezo gani, haukuwa wao.

Ndiyo maana kipimo cha sura kinanikera. Bibi zetu walionekana bila kuchagua. Lupita anachagua, hata pale anapochagua asionekane. Kati ya hayo mawili, mimi najua lipi nalitakia binti wa Newala.

Na binti huyo yupo. Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakatumia maigizo kusema yanayowasibu shuleni. Lihamba mwenyewe ni mwigizaji aliyeonekana katika Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar, mwaka 2001. Angeweza kukimbiza sura yake tu. Akachagua pia kuwafungulia wengine midomo.

Wakuu wa shule wa Masasi na Newala, mahafali yanakuja. Badala ya kukodi spika zipige muziki kutwa nzima, wapeni wasichana saa moja ya jukwaa, watunge mchezo wao na wagawane nafasi wenyewe. Mmoja atataka kuwa babu mkorofi. Mwingine atataka kusema akiwa nyuma ya pazia. Mwingine atakuja amevaa kinyago. Wazazi wenzangu, siku hiyo msiulize uso wa mtoto uko wapi. Tazameni miguu.