Mpiga Picha Halipwi kwa Kilo

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana ya methali hii i wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama kando ya njia akiwatazama wengine wakipanda mlima na mizigo yao: asiyebeba huona wepesi. Katika makala haya ninakusudia kuzungumzia mzigo ambao wengi wetu tumeutazama bila kuujua, yaani mzigo wa lenzi za kamera za kitaalamu. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la mafundi wachache tu. Miongoni mwetu wamo wanaojitafutia karo kwa kupiga picha za harusi, mahafali na michezo, na sisi wengine ndio wateja wao. Sote tumo.

Mimi ni mzaliwa wa Merigi, katika Bomet Mashariki, ambako mashamba madogo madogo ya chai hupakana na mahindi na malisho ya ng'ombe. Huku kwetu uzito si jambo la kufikirika tu. Mama huamka alfajiri, hujitwika kikapu mgongoni, huchuma majani mawili na chipukizi hadi kikapu kijae, kisha huyapeleka mavuno katika kituo cha kununulia majani chai. Pale karani huutundika mzigo kwenye mizani, husoma kilo na kuandika. Kila kilo ina bei yake. Aliyeleta kilo 20 huandikiwa kilo 20, wala hakuna wa kumwuliza alipanda mlima upi.

Siku moja, nikiwa likizoni, nilipita kituoni hapo nikitoka kwenye harusi. Mkobani mwangu mlikuwa na kamera mbili, lenzi tatu, taa mbili, betri na stendi fupi. Karani, kwa mzaha, aliniambia niutundike mkoba huo. Mizani ikasoma kilo 9. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliniuliza, "Mwanangu, na wewe hulipwa kwa kilo?" Nikamjibu kwamba sivyo. "Basi kilo zote hizi ni za nani?"

Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu.

Kwanza yafaa tuelewe kwamba uzito wa lenzi hizi hauna uchawi wowote. Lenzi hupitisha mwanga, na kadiri tundu lake linavyokuwa pana ndivyo mwanga unaopita unavyokuwa mwingi. Lenzi ya milimita 200 yenye kipimo cha f/2.8 huhitaji tundu lenye kipenyo cha takribani milimita 71, ilhali ile ya f/4 hutosheka na milimita 50. Tofauti ya milimita 21 yaonekana kuwa ndogo, lakini eneo la tundu, na kwa hivyo mwanga, huwa maradufu. Vioo vya kulitosha tundu kama hilo sharti viwe vipana na vinene, vipangwe kwa safu, vifungwe ndani ya gamba imara, na viongezewe mota na kifaa cha kutuliza mtikisiko. Ndiyo maana Canon EF 70-200mm f/2.8L IS, iliyotoka mwaka 2001, ina uzito wa gramu 1,470, ilhali ndugu yake wa f/4 asiye na kitulizi cha mtikisiko ana gramu 705 tu. Tukiongeza kamera yenyewe, gramu 900 hivi, mpiga picha mwenye ile nzito hushika karibu kilo 2.4. Naye haishiki kwa dakika moja. Huishika tangu maombi ya asubuhi hadi keki ikatwe jioni.

Hata hivyo, ugomvi wangu si na vioo. Ugomvi wangu ni na heshima tuliyoupa uzito. Katika sherehe zetu, mpiga picha hukaguliwa kabla hajapiga hata picha moja. Mwenye lenzi ndefu nyeupe huitwa fundi; mwenye lenzi fupi huulizwa kama ameazima kamera ya mtoto. Mimi mwenyewe nimewahi kupunguziwa malipo na mteja aliyedai kwamba vifaa vyangu "havikujaza macho". Picha alikuwa bado hajaziona. Tangu siku hiyo nilianza kubeba lenzi kwa ajili ya macho ya wageni, si kwa ajili ya picha, na ninajua kwamba siko peke yangu. Tumegeuka wachuukuzi wa sifa zetu wenyewe.

Gharama ya sifa hiyo niliijua katika sherehe ya koito, pale jamaa mbili za Kipsigis zinapokutana kujadiliana kuhusu mahari na kukubaliana juu ya ndoa. Nilikuwa nimebeba vifaa vyote tangu asubuhi, mkanda mmoja ukiwa shingoni. Kufikia alasiri shingo ilikuwa imekakamaa na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshikwa na ganzi. Mvua ilipoanza, wageni wote waliingia sebuleni, chumba kidogo chenye dirisha moja. Kamera niliyoishika ilikuwa na ile lenzi kubwa. Lenzi hiyo haiwezi kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya takribani mita 1.4, na hata inapolenga huona uso mmoja tu mahali palipo na watu kumi. Ghafla nyanya ya bibi harusi, aliyekuwa amekaa kimya siku nzima, aliinuka, akamshika mjukuu wake mikono yote miwili na kuanza kumbariki. Nilipapasa mkoba kuitafuta lenzi ndogo ya milimita 50, ambayo uzito wake ni gramu 130. Vidole vyenye ganzi havikunitii. Nilipofaulu kuifunga kwenye kamera, bikizee alikuwa ameshaketi.

Miezi michache baadaye aliaga dunia. Jamaa zake walinijia kuomba picha ya baraka ile, nami sikuwa nayo. Niliwapa picha nyingine nzuri za siku hiyo. Walizipokea kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Adabu yao ilinilemea kuliko lawama.

Nayajua majibu ya wenzangu. Watasema kwamba ziko kazi ambazo haziwezekani bila lenzi nzito. Hilo ni kweli, wala silipingi. Tarehe 20 Oktoba 2023, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa katika Uwanja wa Kericho Green. Katika hafla ya namna hiyo mpiga picha hasogei atakavyo; husimama alikopangiwa, na asiye na lenzi ndefu hurudi nyumbani na picha za migongo ya watu. Vivyo hivyo katika mbio: mwanariadha anayemaliza mzunguko wa mwisho hamsubiri mtu asogee karibu. Hapo lenzi nzito inalipa kwa picha kila gramu iliyobebwa. Ninachokataa ni kuibeba lenzi ya uwanjani sebuleni, na kuiita desturi hiyo utaalamu.

Wengine watasema kwamba kulalamikia uzito ni udhaifu, kwamba kazi hii ina mashujaa wake. Watamtaja Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, na bado akarejea kazini akiwa na mkono wa bandia, hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara mwezi Novemba mwaka 1996. Namheshimu kama wanavyomheshimu. Lakini tuulize: ulimwengu ulitikiswa na nini? Haukutikiswa na uzito wa kamera yake. Ulitikiswa na walichokiona watu walipotazama. Alibeba kwa sababu kazi ilidai, na mfano wa mtu kama huyo hauwezi kumtetea anayebeba ili aonekane.

Isitoshe, watengenezaji wenyewe hawauoni uzito kuwa fahari. Lenzi ya Canon ya milimita 400 yenye f/2.8, inayotumiwa sana viwanjani, ilikuwa na gramu 5,370 katika toleo la mwaka 1999. Toleo la mwaka 2011 likashuka hadi gramu 3,850, na lile la mwaka 2018 hadi gramu 2,840. Wahandisi walitumia muda wa takribani miaka 20 kupunguza uzito kwa karibu nusu, bila kuupunguza mwanga. Kama uzito ungekuwa ndio ubora, wangehangaika kuuondoa kwa nini? Waama, inashangaza kwamba tunaliringia jambo ambalo waliolitengeneza wanaliona kuwa kasoro.

Tufanyeje basi? Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua matoleo mapya kila yanapotoka. Lakini maarifa ya kubeba hayauzwi dukani, na walimu wake tunao nyumbani. Mtazame mchuma chai. Kikapu chake hukaa mgongoni, karibu na uti wa mgongo, na uzito hugawanywa kwa mabega mawili. Hangoji mzigo umshinde ndipo autue, kwa kuwa anajua kwamba majani yakishindiliwa hupata joto na kuharibika. Tena huchuma akijua kwamba keshokutwa atarudi shambani, hivyo hautumii mwili wake wote kwa siku moja. Sisi tuliosoma hutundika kilo mbili na zaidi mbele ya kifua kwa ukanda mmoja wa shingo, kisha tukashangaa kwa nini kichwa kinauma.

Kwa hivyo napendekeza mambo machache. Mkanda wa shingo uachwe; utumike ule wa kupita begani hadi ubavuni au wa mabega mawili, au mshipi wa kiunoni, ili nyonga na miguu isaidie. Lenzi kubwa ishikwe kwa chini, kiwiko kikiegemea mbavu, na kamera ining'inie kwenye lenzi badala ya lenzi kuning'inia kwenye kamera, maana hata kiungo cha chuma kinachoziunganisha huumia. Palipo na kusubiri kwingi, stendi ya mguu mmoja ibebe uzito. Na kubwa kuliko yote, uamuzi ufanywe usiku wa kuamkia kazi. Mpiga picha ajiulize: nitakuwa mbali kiasi gani, mwanga utakuwaje, na ni picha gani ambayo jamaa hawa hawatanisamehe nikiikosa? Majibu hayo ndiyo yachague lenzi. Aghalabu lenzi mbili hutosha, na mara nyingi iliyo muhimu zaidi ndiyo iliyo nyepesi.

Lipo pia suluhisho moja ambalo limeenea, nalo ndilo linalonirudisha kwenye methali ya wahenga. Mpiga picha akichoka hutafuta kijana wa kumbebea mkoba. Kijana huyo huambiwa kwamba anajifunza kazi. Hupanda na kushuka milima na kilo 9 mgongoni, hunyeshewa, hula mwisho, na jioni hupewa nauli ya pikipiki na ahadi. Kwa aliyeutua mzigo, kweli umekuwa kanda la usufi. Lakini kilo hazikupungua hata moja. Zimehama bega tu. Kama kazi inahitaji mbebaji, basi ujira wake uandikwe katika hesabu anayopewa mteja, nao usomeke wazi kama inavyosomeka mizani ya chai. Na kama tunaona haya kuuandika, basi mzigo huo haukuhitajika tangu mwanzo.

Kwa upande wa wateja, nasi wanachama tukiwemo, wito wangu ni mfupi. Tunapomwalika mpiga picha kwenye makongamano na mahafali yetu, tuombe kuziona picha alizopiga, si lenzi alizobeba. Yule mteja aliyenipunguzia malipo hakuniumiza mfukoni tu. Alinifundisha kubeba nisichohitaji, na bikizee wa koito akalipia somo hilo.

Siku hizi, ninapotoka Merigi kwenda kazini, mkoba wangu huwa na kamera mbili na lenzi mbili. Nikiitwa uwanjani, ile lenzi kubwa huja nami na stendi yake, na sinung'uniki. Mara ya mwisho nilipopita kituoni niliutundika mkoba mwenyewe kabla ya kuambiwa. Mizani ilisoma kilo 5. Mama aliitazama, akaitikia kwa kichwa, akasogeza kikapu chake kipimwe. Chake kilikuwa na kilo 14, na zote ziliandikwa.