Ndege ya zamani, propela sahihi: Kwa nini karatasi ina uzito kuliko chuma

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Hifadhi ya Mahale kuona sokwe, una njia mbili za uhakika: kupanda boti na kukata maji ya Ziwa Tanganyika kwa saa kadhaa, au kupanda ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja kisicho na lami.

Ukichagua ndege, kuna kitu kimoja mbele ya rubani ambacho abiria wengi hatukifikirii kabisa: propela, au pangaboi kama wengi tunavyoiita. Ikiwa ndege ni ya zamani, kuipatia propela hiyo kipuri sahihi ni kazi nzito kuliko unavyodhani.

Hili siyo suala la mafundi peke yao. Linagusa nauli unayolipa, safari inayoahirishwa na usalama wako ukiwa juu ya ziwa.

Tatizo limeanzia wapi?

Ndege nyingi za watalii siku hizi ni Cessna Caravan, ambayo bado inatengenezwa. Lakini Afrika Mashariki bado inarusha ndege ndogo za miaka ya nyuma, zikiwemo Cessna 206, ambazo zilianza kuuzwa miaka ya 1960.

Mwaka 1986 kampuni ya Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake ndogo za injini za pistoni. Ilirudi kazini miaka kumi hivi baadaye. Maana yake, ndege iliyotengenezwa kabla ya hapo leo ina miaka 40 au zaidi.

Ndege ya umri huo inaweza kuwa salama kabisa. Shida ni kwamba katika miaka yote hiyo imeshapita kwa wamiliki kadhaa, huenda imebadilishwa injini, na propela iliyopo sasa huenda siyo iliyotoka nayo kiwandani.

"Zinafanana" haitoshi

Kwenye gari, fundi wa mtaani anaweza kukwambia, "Hii spea ya modeli ile nyingine inaingia tu." Kwenye ndege kauli hiyo ni hatari.

Chukua mfano wa propela ya McCauley yenye jina D3A34C404/80VA-0, inayokubalika kwenye baadhi ya Cessna 206. Zile herufi na namba siyo mapambo. Namba 3 ya mwanzo inasema ina mapanga matatu. 80 ni kipenyo cha msingi kwa inchi. Sifuri ya mwisho inasema kipenyo hicho hakijapunguzwa. Ukibadilisha namba moja tu, una propela nyingine.

Kwa nini wanabana hivyo? Injini ya pistoni inatikisika kila inapowaka, na mtikisiko huo unahamia kwenye mapanga. Propela ikiwa haijaidhinishwa kwa injini ile, panga linaweza kuchoka taratibu bila mtu kuona, hadi siku linakatika. Propela inazunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika, na nguvu inayolivuta panga kwenda nje hufikia tani kadhaa.

Kwa hiyo fundi makini haanzi kutafuta dukani. Anaanza na namba ya mfululizo ya ndege, kisha anasoma waraka wa cheti cha aina ya ndege hiyo kuona ni propela zipi zinaruhusiwa. Halafu anaangalia kama ndege ilipewa kibali cha ziada cha mabadiliko, mfano kutoka mapanga mawili kwenda matatu. Mwisho anapitia maagizo ya usalama yaliyotolewa kuhusu modeli hiyo. Akishamaliza hayo ndipo anaulizia bei.

Changarawe na unyevu

Mazingira ya kwetu yanaongeza kazi. Kwenye kiwanja cha changarawe, propela inarusha vijiwe na vijiwe vinaigonga. Alama ndogo kwenye ukingo wa panga inaweza kugeuka ufa, hivyo fundi anaisawazisha kwa tupa. Lakini kila akipiga tupa, panga linapungua. Likishuka chini ya kipimo cha mwisho, halifai tena hata kama linang'aa.

Kisha kuna unyevu wa ziwa. Propela ina ukomo wa saa na pia wa miaka. Modeli nyingi hutakiwa kufunguliwa na kukarabatiwa upya baada ya saa 2,000 hivi, au miaka mitano hadi sita, lipi litangulie. Ndege inayokaa tu chini ya mti bado inakula muda wake, kwa sababu kutu na sili za oili zilizokauka ndani ya kitovu cha propela hazijali kama umeruka au hujaruka.

Karatasi ndiyo kipuri

Mtandaoni utakuta propela imetangazwa: "safi, ina saa chache." Bei inavutia. Swali la kwanza ni moja: karatasi zake ziko wapi?

Kipuri halali kinakuja na cheti kama Fomu 8130-3 ya mamlaka ya anga ya Marekani (FAA) au Fomu 1 ya EASA ya Ulaya, na propela iliyotumika inakuja na logibuku yake. Bila hivyo huwezi kujua kama iliwahi kugonga ardhi ikanyooshwa.

Dunia imejifunza hili kwa machozi. Septemba 8, 1989, ndege ya propela ya kampuni ya Partnair ya Norway, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, ilianguka baharini karibu na Denmark. Watu wote 55 walikufa. Wachunguzi walikuta baadhi ya bolti zilizoshikilia mkia hazikuwa halisi.

Na siyo mambo ya kale. Mwaka 2023 iligundulika kuwa kampuni moja ya London iliuza vipuri vya injini za ndege za abiria vikiwa na nyaraka za kughushi. Mashirika makubwa ya Marekani, yakiwemo Delta na American, yalikuta vipuri hivyo kwenye injini zao. Kama wao wenye idara nzima za ukaguzi walipigwa, mwendeshaji mwenye ndege mbili atapona vipi akinunua kwa haraka?

Nani analipa?

Propela mpya inagharimu makumi ya mamilioni ya shilingi. Ikiharibika Kigoma, mara nyingi inabidi isafirishwe mbali, kwa mfano Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, kitovu kikubwa cha ndege ndogo katika ukanda huu. Wakati huo ndege imelala, na mwenye ndege anahesabu hasara kila siku. Hapo ndipo kishawishi cha "tufunge hii kwanza" kinapozaliwa.

Watu wa Kigoma wanakijua chombo kizee kuliko ndege hizi zote: MV Liemba. Wajerumani walipoizamisha 1916, waliipaka injini grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Ilidumu kwa sababu kuna watu waliitunza hata siku ya kuizamisha.

Somo ni lile lile. Uzee wenyewe siyo kosa, kosa ni uzee usio na kumbukumbu. Waendeshaji wadogo wanaweza kuunganisha oda, kuweka akiba ya pamoja ya sili na vipuri vya propela, na kupanga ukarabati miezi ya mvua, kabla msimu wa watalii haujafika. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) nayo ina kazi ya kukagua ndege pamoja na asili ya kila kipuri kilichofungwa juu yake.

Na wewe abiria? Ukiambiwa safari imeahirishwa kwa sababu wanasubiri kipuri, najua inaudhi. Lakini mtu aliyekwambia hivyo huenda ndiye aliyekataa kukurusha na propela isiyo na karatasi. Boti ya Mahale bado ipo.