Othello haichambuliwi kwa orodha ya tamathali
Othello, tanzia ya William Shakespeare iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1622, ina mapenzi, vita na tamathali tele za semi. Wengi huamini kwamba tamathali hizo ni mapambo tu, na kwamba mwanafunzi akizitaja kwa majina na kutoa mfano mmojammoja, amekwisha kuuchambua mchezo. Wazazi wa Sugar Land, Texas, waliosoma fasihi Kenya au Tanzania walilelewa na agizo la “bainisha tamathali mbili”, nao huona ni jambo la kawaida mtoto anaporudi na jedwali la aina hiyo hiyo kwa Kiingereza. Imani hiyo ni potofu, na Othello yenyewe inaisuta.

Kisa chenyewe Shakespeare alikitoa kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, aliyekichapisha mwaka 1565. Kwa Cinthio, Mwafrika ambaye Shakespeare alimwita Othello anapelekwa Kupro kubadilisha kikosi cha ulinzi tu. Shakespeare aliongeza merikebu za Waturuki, kisha akazizamisha kwa tufani kabla upanga haujachomolewa. Kwenye jedwali, tufani hiyo itaandikwa “taswira” na kupewa alama yake. Kazi yake mchezoni ni kubwa kuliko hiyo. Desdemona alimpenda Othello, mumewe, kwa kumsikiliza akisimulia hatari za vitani. Sasa vita havipo, na jemadari amebaki ngomeni bila adui. Upelelezi, uvizio na hukumu ya papo hapo vinahamia chumbani kwake.

Lugha nayo inahama. Mwanzoni matusi ya wanyama ni mali ya Iago, mshika bendera wa Othello, anayemwamsha usiku baba wa Desdemona kwa maneno ya zizini. Othello, mbele ya wakuu wa Venisi anaowatumikia, husema kwa utulivu na sentensi ndefu zilizopangwa. Kufikia tendo la nne sentensi zake zimevunjika, anaanguka na kuzimia, na baadaye wanyama wa Iago wanatoka kinywani mwake mwenyewe. Anayeandika tu “sitiari za wanyama: tatu” hajaona kwamba mtu mmoja amemwambukiza mwenzake ulimi wake.

Halafu kuna leso iliyotariziwa stroberi, zawadi ya Othello kwa mkewe. Vitabu vya mwongozo huiita ishara ya uaminifu na kupita. Lakini leso hiyo inatembea: Desdemona anaiangusha, Emilia, mke wa Iago, anaiokota na kumpa mumewe, Iago anaitupa chumbani kwa Cassio, luteni wa Othello, naye Cassio anampa hawara yake Bianca ili ainakili tarizi yake. Kila mkono unaipa maana nyingine, na Othello mwenyewe anasimulia asili yake mara mbili bila hadithi kulingana: kwanza mama yake alipewa na mwanamke wa Misri, mwishoni ni baba aliyempa mama. Ishara isiyo na maana moja ndiyo anayoifanya ushahidi kwamba mkewe anamsaliti na Cassio, akamuua. Hapo ndipo tanzia ilipo.

Kinaya hakihitaji maelezo mengi: hadhira inajua hila za Iago tangu mwanzo, huku Othello akimsifu kwa uaminifu hadi karibu na mwisho.

Watetezi wa orodha husema mwanafunzi lazima ajue majina kwanza. Ni kweli, lakini majina hayo hufundishika kwa juma moja. Mtaala wa Texas wenyewe unamtaka achambue jinsi lugha ya mwandishi inavyofikia malengo yake. Na watu wa Houston waliotazama Shakespeare bila malipo pale Miller Outdoor Theatre, katika tamasha lililoanza mwaka 1975, hawakuhitaji jedwali ili wahuzunike.

Mzazi anayesaidia kazi ya nyumbani na aulize swali moja: mbinu hii ikiondolewa, je, Desdemona bado anakufa? Mtoto akishindwa kujibu, jedwali lake halijaanza uchambuzi, hata likijaa kurasa tatu.