Kebo ya mizani na gharama ya kunyamaza

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mnisamehe, kazi zilizidi. Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukioni mpaka siku kigome: draiva. Simaanishi dereva wa matatu. Nasema kile kipande cha programu kilicho ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambacho kazi yake ni kuzungumza na kifaa ulichochomeka kwenye kompyuta.

Nianze na kisa cha nyumbani. Mimi ni wa Boito, huku Konoin, kaunti ya Bomet, ambako ukifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza kuona ni chai. Mwaka 2022 nilipata kazi ndogo kwa mnunuzi mmoja wa majani mabichi, sitamtaja. Alikuwa na mizani ya kielektroniki yenye tundu la zamani la pini tisa, lile la RS-232 linalotuma herufi moja baada ya nyingine. Nikamwandikia programu inayosoma kilo kutoka kwenye mizani, inaweka jina la mkulima, kisha inachapa risiti. Laptopu za siku hizi hazina tundu la pini tisa, kwa hiyo nikanunua mjini Kericho ile kebo ya bei nafuu, upande mmoja pini tisa, upande wa pili USB, na ndani yake kuna chipu ndogo ya kutafsiri. Mambo yakaenda vizuri miezi kadhaa.

Asubuhi moja karani akanipigia simu. Mizani imepotea. Laptopu, ambayo ilikuwa inatumia Linux, ilikuwa imejisasisha usiku, keneli mpya imeingia, na kebo haitambuliki tena. Kosa la kwanza ni langu: niliacha mashine ya kazi ijisasishe yenyewe bila mimi kujaribu kwanza. Nilipofika, magunia yalikuwa kwenye foleni na karani amerudia biro na kitabu. Wale mliokulia kwenye chai mnajua kwamba jani likishachumwa halingoji mtu. Likikaa limeshindiliwa kwenye gunia linapata joto, linaanza kuwa jekundu, na ubora unashuka. Mnajua pia kwamba mkulima na mizani hawajawahi kuaminiana sana.

Mama mmoja akanisogelea na kitabu chake. "Kijana, ile mashine yako ilikuwa inaandika mpaka nusu. Leo mshale wa hii ya zamani umepita kumi na nane, karani ameandika kumi na nane. Hiyo iliyopita imeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikawasha laptopu upya kwa kuchagua keneli ya zamani, mizani ikarudi, nikaizuia laptopu isijisasishe tena, nikalipwa, nikaenda zangu. Sikumwambia mtu yeyote. Hilo la mwisho ndilo kosa la pili, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Tuelewane kwanza draiva inafanya nini. Kifaa cha USB kikichomekwa, kinajitambulisha kwa nambari mbili: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kebo za pini tisa zinazouzwa huku kwetu mara nyingi ni 067b:2303, ambayo ni PL2303 ya kampuni ya Prolific, au 1a86:7523, ambayo ni CH340, au 0403:6001, ambayo ni ya FTDI. Keneli inaangalia orodha yake, inaikuta nambari, inaita draiva inayohusika. Draiva inaiambia chipu iende kwa kasi gani, tuseme biti 9600 kwa sekunde, na kila herufi ina biti ngapi. Ikikosea hapo, badala ya kilo 18.5 unapata takataka. Nambari isipokuwepo kwenye orodha, hupati kitu kabisa.

Kuandika draiva ya namna hiyo si kazi ya ajabu. Ile ya PL2303 iliandikwa na Greg Kroah-Hartman mwaka 2001. Kazi iko kwenye miaka inayofuata. Keneli ya Linux hutoka mpya kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo lina mabadiliko zaidi ya 10,000. Kiwanda nacho kinabadilisha chipu bila kubadilisha nambari. Wengine wanaiga chipu na kuigonga jina lile lile. Huku kwetu chai hupandwa mara moja, lakini huchumwa kila wiki moja au mbili kwa miaka na miaka, na ukiiacha tu inakuwa msitu. Draiva ni vivyo hivyo. Anayeichuma kila wiki ndiye tunayemwita mtunzaji, na kwa draiva zote za familia hii ya USB mtunzaji kwa zaidi ya miaka kumi sasa ni Johan Hovold.

Ndani ya keneli kuna faili linaitwa MAINTAINERS. Kila sehemu imeandikwa mtunzaji wake na hali yake: kuna inayotunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, kuna inayotunzwa tu, kuna inayorekebishwa mara mojamoja mtu akipata nafasi, na kuna yatima. Neno ni hilo hilo, yatima.

Draiva inakuwaje yatima? Mfano mzuri ni ile ya diski laini, zile floppy za zamani. Mwaka 2019 Linus Torvalds mwenyewe aliitangaza yatima, kwa sababu Jiri Kosina aliyekuwa akiitunza hakuwa tena na kifaa cha floppy kinachofanya kazi. Fikiria hapo. Ujuzi alikuwa nao, msimbo upo pale pale. Alichokosa ni kifaa cha kujaribia. Baadaye mwaka huo huo Denis Efremov akaichukua, ikapata mzazi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtunzaji hawezi kutunza kifaa ambacho hakipo mezani pake na ambacho hakuna mtu anayemwambia habari zake. Na vifaa vyetu, kebo za mia chache, chipu za kuiga, mizani iliyonunuliwa mitumba, ndivyo hasa visivyokuwepo mezani pake. Sisi ndio tunavyo. Tukinyamaza, kwake ni kama havipo duniani.

Mwaka 2021 draiva ya PL2303 ilibadilishwa ili itofautishe vizuri zaidi aina za chipu, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimetoa aina mpya. Mabadiliko yenyewe yalikuwa ya maana. Lakini baada ya kutoka ikaonekana kuna kebo zilizokuwa zikifanya kazi ambazo sasa zinakataliwa, kwa kuwa zilijitambulisha kwa namna ambayo haikutarajiwa. Waliokuwa nazo wakasema, na marekebisho yakaingia miezi hiyo hiyo. Linus ana sheria moja kubwa kwenye keneli: kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisivunjwe, na kikivunjwa kirekebishwe. Ni sheria nzuri sana kwetu sisi wenye vifaa vya zamani, lakini haina macho. Inafanya kazi kwa yule aliyesema.

Ulinganishe na upande mwingine. Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ilitoa draiva ya Windows ambayo ikikutana na chipu ya kuiga inaibadilisha nambari ya bidhaa kuwa sifuri. Kebo ikawa haitambuliki popote, hata ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine. Kampuni ilikuwa inapigana na waigaji, na malalamiko yake yana haki, lakini aliyepigwa ni mtu aliyenunua kebo dukani bila kujua. Kelele zilikuwa kubwa na draiva hiyo ikaondolewa kwenye masasisho ya Windows. Na kwenye Linux? Mtu mmoja, Perry Hung, alituma kiraka cha mistari michache kinachoiongeza ile nambari ya sifuri kwenye orodha, ili kebo zilizouawa zifanye kazi tena. Kikakubaliwa.

Kwa mkulima wa Boito tofauti hiyo ni kubwa. Soko letu limejaa vitu vya kuiga na hatuna namna ya kuvipima dukani. Tunahitaji mfumo ambao mtu wa kawaida anaweza kutuma mistari michache na ikaokoa kebo yake na ya wengine. Mfumo huo tunao tayari. Tatizo ni kwamba tunautumia kama wageni.

Najua mtaniambia nini. Mtasema hao watunzaji wengi wanalipwa mishahara na kampuni kubwa, kwa nini sisi tufanye kazi ya bure? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sikuombi uandike draiva, nakuomba useme kilichotokea. Gharama ya kusema ni saa chache. Gharama ya kunyamaza niliilipisha wengine: ile laptopu ilikaa karibu miaka miwili na keneli ya zamani, bila viraka vya usalama, ikiwa na majina na kilo za wakulima ndani yake, kwa sababu tu ya kebo moja. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya bure, ila aliyeifanya ni mkulima, na hakuulizwa.

Mtasema pia Kiingereza kinawasumbua, na wale jamaa hujibu kwa ukali. Ni kweli wanajibu kwa ufupi, hawana salamu nyingi kama sisi. Lakini ripoti ya hitilafu haihitaji Kiingereza cha mtihani. Inahitaji ukweli: kebo yenyewe kama lsusb -v inavyoionyesha, dmesg imesema nini, keneli ipi ilifanya kazi na ipi haikufanya. Ukitaka kumsaidia mtunzaji zaidi, tumia git bisect. Unachukua keneli ya katikati kati ya nzima na mbovu, unajaribu, unatupa nusu moja, unaendelea. Mabadiliko zaidi ya 10,000 yanaisha kwa majaribio 14 hivi. Kwenye laptopu dhaifu kila jaribio linaweza kuchukua saa kadhaa, na stima ikipotea unaanza tena, lakini mwisho wake unamkabidhi mtu jina la badiliko lenyewe. Hakuna mtunzaji asiyependa barua pepe ya namna hiyo.

Na si kwamba hatujawahi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu wa huku walikaa wakatafsiri maelfu ya maneno, kazi ya uvumilivu kupita kiasi. Tuliingia kwenye programu huria kwa mlango wa lugha na hakuna aliyetufukuza. Sasa tushuke chini zaidi, mpaka kwenye waya.

Kwa wenzangu mnaouza mifumo ya mizani, ya maziwa, ya dawa, ya mafuta: wekeni kwenye mkataba saa za kutunza. Mteja anakubali kulipia kebo ya akiba, atakubali pia kulipia siku moja kila baada ya miezi michache ya kujaribu keneli mpya kwenye mashine ya pembeni kabla haijaingia kwenye mashine ya kazi. Mkimwambia ni ya nini ataelewa. Mkulima wa chai haelezwi maana ya kupalilia.

Nimalizie kile kisa. Baadaye dhamiri ilinisuta nikaichukua ile kebo, nikaichomeka kwenye mashine yenye keneli mpya ya wakati huo, tayari kuandika ripoti yangu niliyoichelewesha. Ikawaka. Mizani ikasomeka mara ya kwanza, mpaka nusu. Mahali fulani mtu nisiyemjua, mwenye kebo kama yangu, alikuwa amepoteza jioni yake kueleza tatizo letu, na mtu mwingine akalirekebisha. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini niliona aibu pia. Yule mama alipouliza ile iliyopita imeenda wapi, mimi ndiye niliyekuwa na kebo mkononi.

Siku hizi kwenye droo yangu kuna kebo tano za kila aina, na kila keneli mpya ikitoka nazichomeka moja moja. Ikigoma moja, nasema. Na wewe una kifaa gani huko kilichogoma baada ya kusasisha ukakizunguka tu? Andika nambari zake mbili kwenye karatasi leo, kabla hujasahau.

Tukutane wakati mwingine, nikijaliwa.